Károly Takács: Sajini aliyenyimwa mstari, akarudi na mkono wa kushoto

KATIKA klabu za kulenga shabaha kwa bastola, hakuna ombi linalozua ubishi kama la kurudia kupiga. Mshiriki amesimama mstarini, risasi ya kwanza na ya pili zimetoka salama, ya tatu inakwama ndani ya bastola. Muda unakwisha, shabaha zinageuka na kujificha. Mshiriki anainua mkono usio na silaha kumwita mwamuzi, na kuanzia hapo mchezo unageuka kuwa kesi. Je, apewe nafasi nyingine, au ahesabiwe kile alichokwisha kupata?

Mashabiki wa soka wanaufahamu ubishi wa namna hiyo. Penati ikipigwa na kipa akawa ameondoka kwenye mstari kabla ya wakati, mwamuzi anaweza kuamuru irudiwe, na upande mmoja hushangilia huku mwingine ukilalamika kuwa umeonewa. Tofauti ni kwamba katika kulenga shabaha kila mshiriki hupambana peke yake, na alama moja tu yaweza kutenganisha bingwa na mshindi wa pili.

Ili kuielewa haki ya mchezo huu, hakuna maisha yanayofundisha zaidi kuliko ya Károly Takács, mwanajeshi wa Hungary aliyefariki dunia mwaka 1976. Jina lake hutajwa kila panapozungumzwa ujasiri, kwa sababu alishinda Olimpiki mara mbili kwa mkono ambao haukuwa wake wa kupigia. Lakini katika historia yake limo pia jambo jingine ambalo halisemwi mara nyingi, nalo ni swali la nani anastahili kusimama mstarini, na ni kasoro ipi inayostahili kusamehewa.

Kasoro ya nani?

Kwanza tuutazame mchezo wenyewe. Mashindano aliyoyapenda Takács ni ya bastola ya kasi. Mshiriki husimama mita 25 kutoka kwenye shabaha tano zilizopangwa safu moja. Mkono wenye bastola huwa umeshushwa. Ishara ikitolewa, huuinua na kupiga risasi moja katika kila shabaha, kwanza ndani ya sekunde nane, baadaye sita, na hatimaye nne. Risasi za mashindano ni 60 na kila moja haizidi alama 10, hivyo kilele ni alama 600.

Katika sekunde nne hakuna nafasi ya kurekebisha chombo kilichokwama. Ndiyo maana sheria za kimataifa za mchezo huo zinaitambua hitilafu ya bastola, lakini kwa masharti. Silaha ikikwama, mshiriki anayetaka kudai hitilafu hapaswi kuichokoa. Huiacha ikiwa imeelekea kwenye shabaha, huendelea kuishika, na huinua mkono wa pili. Mwamuzi ndiye huja kuichunguza na kutafuta chanzo.

Iwapo chombo chenyewe kimeshindwa kazi, mshiriki hupata haki ya kurudia kwa utaratibu uliowekwa. Lakini kama alisahau kujaza risasi, au hakufungua kizuizi cha usalama, au hakuisukuma magazini mpaka mwisho ikadondoka, kosa ni lake na hana cha kudai. Vilevile akiifungua bastola kabla ya mwamuzi kufika, ameufuta ushahidi wake mwenyewe.

Kanuni hizo zimesimama juu ya wazo moja, kwamba mtu asiadhibiwe kwa kasoro isiyo yake, wala asifaidike kwa uzembe wake. Wazo hilo ni rahisi kulikubali ukiwa umeketi. Mstarini ni jambo jingine, hasa katika klabu ambako mwamuzi wa leo ndiye mshindani wa wiki ijayo, na wote wanafahamiana. Wahenga walisema mwamba ngoma huvutia kwake. Ndiyo sababu uamuzi hautolewi kwa kuangalia uso wa mtu, bali kwa kuichunguza bastola.

Sajini asiyeruhusiwa

Takács alizaliwa Januari 21, 1910 katika jiji la Budapest. Alijiunga na jeshi la Hungary, na kufikia katikati ya miaka ya 1930 alikuwa miongoni mwa walenga shabaha bora wa bastola nchini mwake, akihesabiwa katika kiwango cha dunia.

Mwaka 1936 michezo ya Olimpiki ilifanyika Berlin, Ujerumani. Kwa kiwango chake, Takács alipaswa kwenda. Hakwenda. Hakuwa mgonjwa, wala hakushindwa katika majaribio ya uwanjani. Alizuiwa kwa sababu ya cheo. Yeye alikuwa sajini, na utaratibu wa jeshi la nchi yake ulitaka nafasi za timu ya kulenga shabaha ziwe za maofisa wenye kamisheni pekee. Dhahabu ya bastola ya kasi ilichukuliwa na Mjerumani Cornelius van Oyen.

Hakuna awezaye kusema kwamba sajini huyo angemshinda Van Oyen. Hapo ndipo uzito wa dhuluma ya aina hiyo ulipo. Mtu aliyepunjwa alama anaweza kuonyesha karatasi ya matokeo na kudai hesabu irudiwe. Aliyezuiwa mlangoni hana karatasi ya kuonyesha, hana shabaha iliyotobolewa, hana cha kukatia rufaa. Jina lake halionekani hata mkiani mwa orodha. Bastola yake haikukwama. Aliyekwama alikuwa yeye, kwa alama zilizoshonwa begani.

Baada ya Berlin, katazo hilo liliondolewa nchini Hungary. Takács alipata ruhusa ya kuwania nafasi sawa na maofisa, na macho yake yakaelekea kwenye michezo ya mwaka 1940 iliyopangwa kufanyika Tokyo. Alikuwa na miaka 26, umri usio mkubwa hata kidogo kwa mlenga shabaha. Mlango ulikuwa wazi, na kilichobaki kilionekana kuwa ni muda tu.

Ajali haina kinga

Mwaka 1938, akiwa katika mafunzo ya kijeshi, bomu la kutupa kwa mkono lenye kasoro lililipuka likiwa katika mkono wake wa kulia. Mkono huo, ambao ndio aliokuwa akipigia bastola, uliharibika vibaya kiasi cha kutofaa tena kwa mchezo huo. Alilazwa hospitalini takriban mwezi mmoja.

Hebu tuipime ajali hiyo kwa mizani ya mwamuzi wa uwanja. Chombo kilikuwa na kasoro, na aliyekishika hakuwa na hatia. Kingekuwa ni bastola mashindanoni, mwamuzi angetikisa kichwa kukubali na kumpa nafasi ya kurudia. Lakini maisha hayana mwamuzi anayekuja na kitabu cha sheria mkononi.

Alichofanya Takács ni kuanza upya kwa mkono wa kushoto, tena kwa siri. Msomaji asiyeufahamu mchezo anaweza kudhani ni suala la kuhamisha silaha kutoka kiganja kimoja kwenda kingine. Sivyo. Bastola ya mashindano hushikwa kwa mkono mmoja ulionyooshwa bila kuegemezwa popote. Bega, kiwiko na kifundo lazima vitulie pamoja, na kidole kikibonye kifyatulio bila kuusukuma mtutu hata kwa unene wa unywele. Katika mashindano ya kasi, mkono huohuo huhama kutoka shabaha moja hadi nyingine kwa mdundo usiobadilika. Mazoea hayo hujengwa kwa miaka, na mkono mmoja haumrithishi mwenzake.

Hata hivyo, kulikuwa na mwanya mmoja wa haki katika sheria yenyewe. Kanuni ilitaka bastola ishikwe kwa mkono mmoja, lakini haikusema ni upi. Kwa hiyo Takács hakuhitaji kibali maalumu, shabaha kubwa zaidi, wala sekunde za nyongeza. Mlango ambao mwaka 1936 ulifungwa kwa sababu ya cheo, safari hii ulikuwa wazi kwa yeyote mwenye mkono mmoja uliotulia.

Katika majira ya kuchipua ya mwaka 1939 alitokea kwenye mashindano ya taifa ya Hungary. Inasimuliwa kwamba wenzake walimsogelea kumpa pole, wakimsifu kwa moyo wa kuja kuwatazama. Naye akawaeleza kwamba hakuja kutazama, amekuja kushindana. Akashindana, na akawa bingwa. Mwaka huohuo alikuwa katika timu ya Hungary iliyotwaa ubingwa wa dunia wa bastola ya kasi mjini Lucerne, Uswisi.

Wengi husimulia ushindi huo wa 1939 kama muujiza. Lakini washindani wake walikuwa na sababu ya kuuheshimu kwa namna nyingine. Hakuna aliyempunguzia masharti, hivyo hakuna aliyeweza kunung'unika kwamba alibebwa. Waliokuja kumpa pole waliondoka wakiwa wameshindwa kihalali.

Miaka 12 ya kungoja

Baadaye mwaka huohuo vita kuu ya pili ya dunia ililipuka. Michezo ya 1940, ambayo Japan ilikwisha kuiachia Helsinki, ilifutwa. Ya 1944 nayo ilifutwa. Kwa mara nyingine Takács alizuiwa, safari hii pamoja na wanamichezo wa dunia nzima, wengi wao wasirudi tena viwanjani.

Olimpiki ilirejea London mwaka 1948, na mashindano ya kulenga shabaha yalifanyika kwenye viwanja vya Bisley, nje ya jiji hilo. Takács alikuwa na miaka 38. Ilikuwa imepita miaka 12 tangu aachwe nyumbani wenzake walipokwenda Berlin.

Aliyepewa nafasi kubwa ya kushinda alikuwa Carlos Enrique Díaz Sáenz Valiente wa Argentina, bingwa wa dunia wa mwaka 1947. Kisa kinachosimuliwa sana ni kwamba Muargentina huyo alishangaa kumwona Takács, akamuuliza amefuata nini London. Takács akamjibu kwa utulivu kwamba amekuja kujifunza.

Matokeo yalipotangazwa, Takács alikuwa amepata alama 580, rekodi mpya ya dunia. Díaz Sáenz Valiente alipata 571 na kuchukua fedha, huku shaba ikienda kwa Sven Lundquist wa Sweden aliyepata 569. Inasimuliwa kuwa bingwa huyo wa dunia alimpongeza mwenzake kwa kumwambia kwamba, kwa hakika, masomo yake yamekamilika.

Pengo la alama tisa katika mchezo huo ni kubwa. Halikuacha nafasi ya rufaa, wala ya mtu kusema kwamba risasi moja iliyokwama ingebadili mshindi. Na lipo jambo la kuheshimika katika mwenendo wa Muargentina huyo. Kushindwa na mtu ambaye wewe mwenyewe ulidhani amekuja kama mtazamaji si jambo jepesi. Angeweza kutafuta sababu katika upepo, mwanga au chombo chake. Historia inamkumbuka kwa pongezi.

Mwaka huohuo, mahali si mbali na London, jambo jingine lilikuwa likianza. Julai 29, siku ileile Olimpiki ilipofunguliwa, daktari Ludwig Guttmann aliandaa mashindano ya upinde na mshale katika hospitali ya Stoke Mandeville kwa watu 16 waliojeruhiwa wakiwa jeshini, wote wakitumia viti vya magurudumu. Kutokana na mbegu hiyo ilichipua Michezo ya Paralimpiki. Guttmann alitafuta haki kwa kuwatengenezea walemavu uwanja unaolingana na hali zao. Takács aliipata kwa kuingia uwanja uleule wa wote. Njia hizo hazipingani. Zote zinakataa kwamba mtu aliyepoteza kiungo amalize siku zake akiwa mtazamaji.

Mwalimu, mwanafunzi na alama moja

Miaka minne baadaye, mwaka 1952, Takács alisimama tena mstarini mjini Helsinki akiwa na miaka 42. Safari hii tishio kubwa halikutoka ng'ambo. Lilitoka nyumbani, kwa Szilárd Kun, kijana wa miaka 17 ambaye Takács mwenyewe alikuwa akimfundisha.

Takács alipata alama 579. Kun alipata 578. Mromania Gheorghe Lichiardopol naye alipata 578, na katika kuwatenganisha wawili hao fedha ilikwenda kwa Kun, shaba kwa Lichiardopol. Kwa ushindi huo Takács akawa mtu wa kwanza kushinda dhahabu ya bastola ya kasi katika Olimpiki mbili mfululizo. Baadaye Józef Zapędzki wa Poland alifanya hivyo mwaka 1968 na 1972, na Mjerumani Ralf Schumann akafikisha dhahabu tatu mwaka 2004.

Alama moja katika 600 ni mstari mwembamba mno. Ni tofauti ya kidole kilichobonyeza mapema kidogo, au risasi iliyogusa duara upande wa nje badala ya ndani. Mahali kama hapo ndipo uamuzi wa kumruhusu mtu kurudia unapokuwa na uzito wa dhahabu. Laiti mmoja wao angepewa nafasi asiyostahili, au kunyimwa aliyostahili, medali zingebadilishana shingo. Mwalimu na mwanafunzi wangeweza kurudi Budapest wakiwa na kinyongo cha kudumu. Walirudi na dhahabu na fedha.

Mwaka 1956 Takács alikwenda Melbourne, Australia, kutetea taji lake kwa mara ya pili, na akamaliza wa nane. Alikuwa na miaka 46. Katika maisha yake ya michezo alitwaa ubingwa wa taifa mara 35. Jeshini, yule aliyezuiwa kwa kuwa sajini alipanda hadi cheo cha luteni kanali. Alifariki dunia Januari 5, 1976, akiwa na miaka 65.

Somo kwa klabu za leo

Miezi michache baada ya kifo chake, Mei 1976, katika mji wa Columbia, Missouri, nchini Marekani, liliundwa shirikisho la kimataifa la ulengaji wa vitendo, ambalo kwa ufupi huitwa IPSC. Katika mchezo huo mshiriki hukimbia huku akipiga shabaha mbalimbali, na muda wake hupimwa kwa saa maalumu. Shirikisho hilo lilichagua jibu tofauti katika suala la kurudia. Saa ikishindwa kufanya kazi, au shabaha ya uwanja ikiharibika, mshiriki hurudia. Lakini bastola yake ikikwama, huo ni mzigo wake. Aifungue mwenyewe huku sekunde zikimhesabia.

Kwa hiyo jamii mbili za wanamichezo wa bastola zimeligawa jambo hilohilo kwa namna mbili. Moja inasema chombo kikikosea, mtu asiumie. Nyingine inasema chombo ni sehemu ya mtu, akitunze. Kila upande una hoja yake, na klabu yoyote inaweza kuendeshwa kwa haki chini ya mfumo wowote kati ya hiyo miwili, mradi kanuni itangazwe kabla ya risasi ya kwanza na iwe ileile kwa mweka hazina wa klabu na kwa mwanachama aliyejiunga jana. Klabu huharibika pale kanuni inapotungwa baada ya bastola kukwama, kwa kuangalia imekwama mkononi mwa nani.

Maisha ya Takács yanaongeza jambo ambalo vitabu vya waamuzi havilitaji. Mabishano mengi ya klabuni huhusu alama, kwa sababu alama zinaonekana. Dhuluma kubwa aliyotendewa yeye haikuwa ya alama. Ilitendeka kabla shabaha hazijageuka, mezani, pale ilipoandikwa orodha ya wanaoruhusiwa kushindana. Klabu inayogombania kwa saa nzima risasi moja iliyokwama, huku ikiwaacha nje walenga shabaha wazuri kwa sababu ya kazi zao, vyeo vyao au miili yao, bado haijaanza kulizungumzia suala la haki.

Mwaka 1936 hakuna mwamuzi aliyeweza kumpa Takács nafasi ya kurudia, kwa kuwa hakuwahi kupiga. Ilibidi kanuni ifutwe kwanza. Ilipofutwa, yeye hakudai fidia kwa Berlin, kwa bomu, wala kwa michezo miwili iliyomezwa na vita. Alisimama katika mstari uleule, akapewa sekunde zilezile nane, sita na nne kama kila mtu. Zilimtosha.